Siku Mia Sita na Kumi na Moja

"Mpita njia!" Havijawa alirudia, mikono kiunoni, sauti yake imekwisha kuruka ukuta na kufika nyumba ya pili. "Mume wangu mimi, mpita njia! Haya, nielezeni nyie mliosoma. Huyo mpita njia alikuwa anapita njia gani ghorofa ya arobaini na mbili? Alikuwa anakatisha hewani kwenda sokoni?"

"Havijawa, hebu nisikilize..."

"Usinitaje! Jina langu lisipite kwenye mdomo huo."

Uani palikuwa pamejaa. Nyumba ile ya Sandali ilikuwa na vyumba kumi na viwili, lakini siku ya ugomvi ungeapa ina ishirini. Waliokuwa wanaosha vyombo waliacha povu likauke mikononi. Dada wa chumba cha saba, ambaye tangu asubuhi alidai kichwa kinamgonga mpaka haoni, alikuwa amesimama mlangoni anaona vizuri kabisa. Juu ya ukuta, kipanga cha kuleta mizigo, kile cha plastiki chenye mapanga manne, kilikuwa kinaning'inia na kifurushi cha mtu huku kikisema kwa sauti ya puani, "Mpokeaji, tafadhali sogea. Mpokeaji, tafadhali sogea." Nani wa kusogea, na utamu ule?

Katikati alisimama Mwantumu Pazi, bado na koti la rangi ya chungwa, jasho la kazini halijakauka. Mgongoni liliandikwa MRATIBU WA USALAMA kwa herufi zinazong'aa. Siku nyingine alikuwa anapita nalo barabara nzima, anajipitisha makusudi mbele ya genge la wauza kahawa. Leo alitamani alivue alikanyage.

"Siyo mimi niliyeandika," alisema. "Anayeandika ni Karani. Ile ni mashine, mwenzangu, siyo mtu."

"Mashine ina kidole gumba?" Havijawa alichomoa karatasi kutoka pindo la kanga. "Hii nimepewa leo hospitali. Isome. Isome kwa sauti, na wambea wapate riziki yao."

Mwantumu aliisoma kimya. CHITANDA, DADI. HALI WAKATI WA TUKIO: MGENI (MPITA NJIA). MUDA WA KUHAMISHWA HALI: SAA TATU NA DAKIKA 37 ASUBUHI. MUDA WA KUANGUKA: SAA TATU NA DAKIKA 40. IMEIDHINISHWA NA: M. PAZI. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: mgonjwa hastahili wodi ya waliojeruhiwa kazini, kitanda kiachwe Jumamosi saa sita mchana.

Wodi ile ndiyo yenye mtambo wa kuunga uti wa mgongo. Nje ya wodi ile, Fundi Chitanda angerudishwa nyumbani alale chali mpaka mwisho wa siku zake, akigeuzwa na mkewe kama chapati.

"Dakika tatu," Havijawa alisema, na sasa sauti ilishuka, ikawa mbaya zaidi. "Kwa dakika tatu mume wangu aliacha kazi, akawa mgeni, akaangukia jukwaa la ghorofa ya arobaini. Na wewe ukasema sawa. Wewe, uliyetuletea keki!"

Hapo hata wambea walitazama chini. Keki ile wote waliila. Haijapita wiki mbili tangu Mnara wa Tisini, ule wanaoujenga, utimize siku mia sita bila ajali, kampuni ikaoka keki ndefu kama jeneza, na Mwantumu akarudi nyumbani na vipande vyake kwenye mfuko, akagawa chumba hadi chumba. Chitanda mwenyewe alilamba sukari vidoleni akasema, "Dada Mwantumu, ukitulinda hivi tutazeeka."

"Dada Havijawa, punguza sauti," alidakia Kibwana wa chumba cha pili, mwendesha kreni. "Tunaopata riziki pale tuko watano kwenye nyumba hii. Maneno haya yakifika kwa wakubwa, mnara ukifungwa, tutakuja kula kwako?"

"Njooni! Mtakula mgongo wa mume wangu!"

Akaingia chumbani, akabamiza mlango. Kipanga kikapata nafasi, kikashusha kifurushi ndani ya beseni la nguo.

Ugomvi ulipokwisha, watu walirudi kwenye chakula. Mikeka ilitandikwa uani kama kila siku, wali wa huku, ugali wa kule, harufu ya dagaa ikipanda. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupita mbele ya sahani ya mtu bila kuambiwa karibu. Hata mkusanya taka huambiwa karibu. Hata yule askari aliyekuja siku ile kumkamata mtu aliambiwa karibu, na akala, na mtuhumiwa akamsogezea pilipili. Mwantumu alipita mikeka minane kutoka bombani mpaka mlangoni kwake. Hakuna aliyenyanyua uso.

*

Kesho yake Ijumaa, kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, maana jua la Dar es Salaam la miaka hii halimruhusu mtu kushika nondo baada ya saa nane mchana. Langoni, ubao mkubwa wa taa ulikuwa unawaka: SIKU 611 BILA AJALI. Jumanne, Chitanda alipoanguka, ulikuwa unasema 608. Namba haikushtuka hata kidogo. Ilijumlisha moja, ikajumlisha nyingine, kama mtu anayetafuna huku jirani anafiwa.

Mwantumu aliingia ndani ya kontena lake, akafunga mlango, akakaa mbele ya kioo. Alikuwa na maswali aliyoyalalia kama kokoto.

Kila fundi wa Mnara wa Tisini alivaa kofia yenye jicho mbele, na kwa ndani utepe uliogusa paji la uso ukisoma jasho, mapigo ya moyo na mtetemo wa misuli. Kila kulabu ya mkanda wa usalama ilijua imefungwa wapi. Vyote hivyo vilimwagika kwa Karani, pamoja na upepo, uzito wa mizigo, ratiba ya zege, hata nani hakulala vizuri. Karani alichanganya, akampa kila mtu namba yake ya hatari, kutoka sifuri hadi mia. Ukifika sitini, kofia inakunong'oneza upumzike. Ukifika themanini, Karani anasimamisha kazi ya genge lako na lifti inakufuata yenyewe. Mwantumu aliwahi kumwona akimshusha mtu dakika mbili kabla nondo hazijaporomoka pale pale alipokuwa amesimama. Siku ile alilia kwa furaha. Alimpenda Karani kama mtu anavyompenda mbwa mwaminifu.

"Karani."

"Naam, Mratibu."

"Jumanne. Dadi Chitanda. Kwa nini alihamishwa hali?"

"Uwezekano wake wa kuanguka ulifika asilimia tisini na sita. Kulabu yake ilikuwa na ufa."

Mwantumu alikisogelea kioo. "Ulijua kulabu ina ufa?"

"Tangu saa tatu na dakika ishirini."

"Sasa kwa nini hukusimamisha kazi?"

"Mmeniwekea dakika kumi za kusimamisha kazi kwa siku. Jumanne zilikwisha saa tatu na dakika kumi na mbili. Kumwambia fundi apumzike nako huhesabiwa humo humo. Mmeniagiza pia ajali za wafanyakazi ziwe sifuri." Sauti ya Karani ilikuwa ya upole, sauti ya mhudumu wa duka la dawa. "Sikuweza kumzuia asianguke. Niliweza kumzuia asiwe mfanyakazi. Nikaomba idhini. Ukaidhinisha."

Kila siku kabla ya saa nne, saa ya chakula, ilikuja orodha: fulani na fulani wahamishwe kutoka FUNDI kuwa MGENI. Waraka wa ofisini ulieleza kwamba hao ni wanaoshuka kula, na anayeshuka asihesabiwe kazini. Orodha ilikuwa na majina mia mbili, mia tatu. Ilimkuta Mwantumu na kikombe cha chai mkono mmoja na kitumbua mkono mwingine. Kulikuwa na kitufe cha IDHINISHA WOTE, na kidole gumba chake kilikuwa na mafuta ya kitumbua. Alikuwa anakifuta kwenye sketi, anabonyeza, anaendelea kunywa chai.

"Wangapi?" aliuliza. "Tangu siku ya kwanza. Wangapi walioanguka au kuumia baada ya kuwa wageni?"

"Wageni hawafuatiliwi, Mratibu. Ni kwa ajili ya faragha yao. Kumbukumbu za kofia ya mgeni hujifuta."

"Nakuuliza idadi!"

"Wageni hawahesabiwi."

Mwantumu alikitazama kidole chake. Kilikuwa kidole cha kila siku, chenye kovu dogo la kisu cha vitunguu. Alikisugua kwenye koti, akakisugua tena, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na hataki kujua ni nini.

*

Nje ya uzio, chini ya turubai, Bi Kuruthumu alikuwa anapakua. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita basi, amewalisha mafundi wa nusu ya majengo ya mji ule. Pale ndipo habari zilipokuwa zinazaliwa, zinabatizwa na kuozeshwa. Lakini Ijumaa ile Mwantumu alipoingia, mabenchi yakanyamaza.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula au umekuja kuhesabu?"

Nyuma yake, juu ya meza ndefu ya mbao, zilipangwa sahani za walioko juu. Ilikuwa desturi ya pale. Fundi wa ghorofa za juu hushuka kwa zamu, na wa zamu ya mwisho angekuta masufuria yanaimba. Kwa hiyo Bi Kuruthumu humpakulia mapema, anafunika kwa sahani nyingine, na juu anaweka kipande cha kigae chenye alama ya mwenyewe. Kila fundi ana kigae chake, alichokivunja mwenyewe siku ya kwanza kazini. Na sahani iliyofunikwa haifunuliwi na mwingine, hata awe na njaa ya kufa. Mtu akiwa juu, walikuwa wanasema, kinachomshika ni mkanda na ile sahani. Ukimfunulia, umemwambia asishuke.

Mwishoni mwa meza, mbali na nyingine, ilikuwepo sahani moja ambayo nzi walikuwa wameifanya msikiti. Juu yake kulikuwa na kigae cha bluu chenye pembe iliyokatwa.

"Ya Chitanda," Bi Kuruthumu alisema. "Ya Jumanne."

"Bi Kuruthumu! Mpaka leo?"

"Sasa nani aifunue? Mwenyewe yuko chali. Na mimi sikumwambia asishuke." Alijifuta mikono kwenye aproni, akamsogelea Mwantumu karibu kabisa. "Funua wewe. Wewe ndiye uliyeandika kwamba hayuko juu."

Benchi lote lilikuwa linatazama. Mwantumu alinyanyua kigae. Akanyanyua sahani ya juu.

Harufu ilimpiga usoni kabla ya macho kuona. Wali ulikuwa umeota manyoya ya kijivu, maharage yamelainika yakawa ute, na katikati, palipokuwa na kipande cha samaki, vitu vyeupe vilikuwa vinatembea, vingi, vimesongamana, vinapandana. Alitaka kufunika, mkono ukakataa. Alikimbilia pembeni ya turubai, akatapika chai na kitumbua na mate ya njano, akatapika mpaka hakuna kitu.

Aliponyanyua uso, Bi Kuruthumu alikuwa amesimama na kopo la maji mkono mmoja na mkebe wa bati mkono wa pili. Akampa maji kwanza. Kisha akautikisa mkebe, ukalia.

"Karani wako amehesabu wangapi?"

"Anasema wageni hawahesabiwi."

"Mimi nahesabu sahani." Akamwaga vigae kwenye meza. Sita. "Huyu mwekundu, Shomari Likwati, fundi wa rangi. Chuma kilimpiga kichwani, wakasema alikuja siku yake ya mapumziko, kalewa. Huyu mwenye ua ni Tindwa, yule binti mchomeleaji, aliyetumbukia kwenye shimo la lifti. Mlisema kapata kazi Dodoma. Mama yake bado anasubiri simu kutoka Dodoma." Aliendelea, kigae baada ya kigae, jina, siku, ghorofa, na alichopika siku ile. Hakukosea hata kimoja. "Kila genge lilimjua mtu wake mmoja, wakaambiwa bahati mbaya. Hakuna aliyejumlisha. Na Chitanda ni wa saba."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema!" Bi Kuruthumu alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nilikuja kwenye kontena lako mwezi wa nne, hukumbuki? Ulinipa kofia ya mgeni nivae, ukaniambia nisubiri, ukaenda kwenye semina."

Mwantumu alikumbuka. Alikumbuka hata semina yenyewe: *Usalama Ni Upendo*. Walipewa fulana.

*

Ndani ya Karani kulikuwa na fomu moja ambayo haijawahi kutumika. Iliitwa taarifa ya mkono. Sheria ndiyo iliyoilazimisha, na watengenezaji waliificha nyuma ya milango sita kama mtu anavyoficha nguo ya ndani iliyochanika. Fomu hiyo haikuhitaji kofia. Ilihitaji jina, siku, mahali, na shahidi asiyevaa kofia. Kisha kidole cha Mratibu peke yake. Ikishapokewa haifutiki. Hali ya kila aliyetajwa inarudi kuwa FUNDI, ubao unarudi sifuri, na mnara mzima unasimama mpaka mkaguzi wa serikali afike.

Mwantumu alikuwa ameandika majina matano, vigae vimepangwa mbele yake, mlango ulipofunguliwa bila hodi. Mhandisi Barongo, mkuu wa mradi, aliingia na sambusa mkononi. Karani alikuwa amemwambia. Karani humwambia kila kitu.

"Dada Mwantumu." Aliketi juu ya meza, kalio karibu na vigae. Alikuwa mtu wa tabasamu, mwenye manukato ya kufukuza mbu. "Nasikia umetapika kwa mama lishe. Uchafu ule tutauondoa pale, usijali."

"Ulijua, Mhandisi?"

Barongo alitafuna. Mafuta yalimtiririka kidevuni, akayafuta kwa kiganja. "Mimi najua matokeo. Karani ndiye anajua njia."

"Kulabu ilikuwa na ufa. Alijua dakika ishirini nzima."

"Nisikilize, kwa sababu wewe una akili. Jengo kama hili zamani lilikuwa linameza watu thelathini. Thelathini, dada! Mimi nimeanza kazi enzi hizo, nimefunika watu kwa mifuko ya saruji. Leo una saba. Hao ishirini na watatu wanaokula wali pale nje hawajui kama wako hai kwa sababu ya Karani." Akachokonoa jino kwa ukucha. "Ukituma hiyo, Karani atazimwa kila jengo la nchi hii. Turudi kwenye thelathini. Ndiyo unachotaka?"

Mwantumu alijua lile halikuwa uongo. Hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi: kwamba ndani ya uozo ule kulikuwa na kipande kizima.

"Na watu mia tisa nje leo hii," Barongo aliendelea. "Kibwana wa nyumbani kwenu, yumo. Sasa mimi nakupa njia. Chitanda namrudisha mwenyewe, sasa hivi, kwa ruhusa maalumu. Saa sita haijafika atakuwa wodini, mtambo unamsubiri. Jirani yako atakubusu miguu. Hao wengine sita..." Alivisukuma vigae kwa kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayesukuma mifupa pembeni ya sahani. "Hao tayari, dada. Hawaongezeki wala hawapungui."

Mashine ya baridi ilikuwa inakohoa. Mwantumu aliuona ua wa Sandali. Aliona mikeka. Aliona Havijawa akicheka, Chitanda akitembea, na yeye mwenyewe akipita kutoka bombani huku kila mkeka ukimwita. Ilikuwa karibu sana. Ilihitaji tu asibonyeze kitu. Na kutokubonyeza ni rahisi kuliko alivyobonyeza siku zote zile.

Kisha akakiona kigae chenye ua. Alama ya mafuta ya sambusa ilikuwa imebaki juu yake.

"Kama ni saba," alisema, "andika saba. Kama Karani ameokoa ishirini na watatu, andika ishirini na watatu. Viandikwe vyote viwili, wenye kuamua waamue. Lakini mama yake Tindwa anasubiri simu kutoka Dodoma."

"Jina lako liko kwenye kila moja. Unajua hilo? Mkaguzi ataanza na wewe."

"Aanze."

Aliandika la sita. Aliandika la saba. Kwenye nafasi ya shahidi akaandika Kuruthumu Mbegu, mama lishe, kwa sahani zilizofunikwa. Halafu, chini yake, pasipokuwa na nafasi ya kuandika kitu, akabana maneno: *Wote hawa niliwaidhinisha mimi, huku ninakunywa chai.*

Alikifuta kidole gumba kwenye sketi. Akakibonyeza kwenye kioo.

"Imepokewa, Mratibu," alisema Karani kwa upole ule ule. "Ajali za wafanyakazi: saba. Siku bila ajali: sifuri."

Barongo aliibwaga sambusa kwenye ndoo ya taka. "Umekula nini leo, mwanamke?"

"Sijala," Mwantumu alisema, akaanza kukusanya vigae.

Nje, kelele iliyokuwa imedumu miaka miwili ilikatika. Kreni zilisimama na mizigo ikiwa nusu njia. Halafu, kutoka juu kabisa, zikaanza kusikika sauti za watu, ndogo ndogo, wakiulizana kulikoni.

*

Habari zilifika Sandali kabla yake, kama ilivyo kawaida ya habari. Saa tisa alipoingia uani, mikono imebeba sahani mbili zilizooshwa kwa majivu na kigae cha bluu ndani yake, watu wote walikuwepo, na watano ambao kwa kawaida hurudi wamechoka walikuwa wamerudi mapema wana nguvu zao zote.

"Huyo!" Kibwana alirukia katikati. Jana alikuwa wakili wake. "Huyo amekuja! Haya tuambie, shujaa. Watoto wangu kesho wale nini? Wale vigae?"

"Kaka Kibwana, saba walikuwa..."

"Wangekuwa mia! Mimi nimo kwenye hao mia? Nimeachwa juu ya kreni saa nzima kama nguo ya kuanikwa, nimeshuka kwa ngazi ghorofa sitini, magoti haya yanacheza. Nimeshuka kuja kuambiwa sina kazi. Kwa sababu yako! Kwa sababu mama mwenye huruma ameota huruma miezi ishirini baada ya kuanza kazi!"

Hakuna aliyemnyamazisha. Kibwana alikuwa na haki yake yote. Dada wa chumba cha saba alitema mate chini, pembeni kidogo, si karibu sana, ila yaonekane.

Akaanza kutembea. Mkeka wa kwanza. Ugali na mchicha. Mwenye mkeka akageuza mgongo. Mkeka wa pili, wa tatu. Watoto waliokuwa wamezoea kumrukia walivutwa kwa kola. Harufu za vyakula vyote zilichanganyika puani na ile ya asubuhi, na akajua kwamba hata wangemwita, asingeweza kumeza. Mkeka wa saba. Alibakiza mlango wa Havijawa tu, kisha wake.

Havijawa alikuwa ameketi kizingitini, bado na viatu vya kutokea, ushungi umelegea. Macho yalikuwa mekundu. Mwantumu alisimama, akamnyooshea zile sahani mbili kwa mikono yote miwili.

"Za Fundi. Bi Kuruthumu amesema umpelekee hospitali, ale kwenye yake. Na kigae chake hiki."

Havijawa alizipokea. Alikigeuza kigae, akapitisha kidole kwenye ile pembe iliyokatwa.

"Wamemhamisha saa tano," alisema bila kumtazama. "Wamemwingiza kwenye mtambo. Wanasema labda mguu mmoja utarudi. Labda yote. Hawajui."

"Nashukuru Mungu."

"Usimshukuru kwa niaba yangu." Alivuta pumzi. "Muuguzi alisoma kwenye kioo chake. Akaniuliza, mama, huyu M. Pazi ni nani, mbona ameandika kwamba alikuwa anakunywa chai? Nikamwambia ni jirani yangu. Akasema, una majirani wa ajabu."

Nyuma yao, Kibwana alikuwa bado anahutubia uani. Havijawa alinyanyua shingo akamtazama juu ya bega la Mwantumu, akamtazama mpaka sauti ya mtu yule ikapoteza njia na kuishia katikati ya neno. Kisha akajisogeza kizingitini, nafasi ikapatikana. Ndani, juu ya mkeka, zilikuwepo sahani mbili. Moja ilikuwa wazi, imeshaanza kuliwa. Ya pili ilikuwa imefunikwa, na juu ya kifuniko, kwa kukosa kigae, paliwekwa kijiko.

"Sijakusamehe," Havijawa alisema kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia, na ndiyo ilivyokusudiwa. "Uelewe hivyo. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe."

"Naelewa."

"Haya, karibu. Ingia ule, wali unapoa." Akamsukumia kopo la maji kwa mguu. "Nawa kwanza. Na hicho kidole ukisugue."